Mwalimu, Maua Yanaliwa?

Swali hili lililoandikwa hapo juu si langu. Niliulizwa na mama mmoja wa Kadutu, mchuuzi wa sambaza, mbele ya wazazi wenzake, nami hata leo sijalisahau.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nilikuwa nimewakusanya wazazi wa darasa la sita ili kuwaeleza habari ya safari. Niliwaambia kwamba mvua za kwanza zikishanyesha nitawapeleka watoto mpaka Lwiro, watazame miti na maua ya bustani za pale, wajifunze majina yake na majira yake. Kila mtoto angetoa nauli kidogo. Wazazi wakanyamaza. Kisha mama yule akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, maua yanaliwa?"

Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu aliyekosa la kusema. Nilikaa seminari miaka kadhaa, nikafundishwa kujibu hoja za wenye elimu. Bali kwa swali hili sikuwa na jibu tayari. Nikasema maneno mawili matatu juu ya uzuri wa uumbaji, nikaona macho ya mama yule yamekwisha rudi kwenye beseni lake. Wala hakuwa amenitukana. Alikuwa amepiga hesabu: nauli ya mtoto ni unga wa siku mbili. Mtu akiombwa unga wa siku mbili, ana haki ya kuuliza atapata nini badala yake.

Maneno yanayofuata ndiyo jibu ambalo sikuweza kulitoa siku ile.

Mji uliopandwa miti

Kwanza tuutazame mji wetu wenyewe. Wazee husema kwamba jina la Bukavu limetokana na neno la Kishi lenye maana ya mahali pa ng'ombe, kwa kuwa zamani vilima hivi vilikuwa malisho. Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville, na jina hilo likadumu mpaka mwaka 1954. Rasi zake tano zimeingia katika Ziwa Kivu, hata watu wengi huzilinganisha na vidole vya mkono uliochovywa majini. Nasi tuko juu sana, karibu meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo jua letu si kali kama la Uvira au Kindu, na miti ya nchi nyingi imepakubali hapa kama kwao.

Kando ya njia na katika nyua zetu wamo wageni waliosafiri mbali kuliko sisi sote. Jakaranda yenye maua ya rangi ya zambarau ilitoka Amerika ya Kusini. Bugenvilia inayopanda juu ya kuta ilitoka huko huko, nayo yabeba jina la baharia Mfaransa, Bougainville. Mti ule wa maua mekundu unaotandaza matawi kama mwavuli ulitoka kisiwa cha Madagaska. Wenzetu wa Tanzania huuita mkrismasi, maana kwao huwaka karibu na Noeli. Mikaratusi na grevilea zilitoka Australia.

Lakini tusidhani kwamba kila chenye fahari kimetoka ng'ambo. Mti wa spatodea, wenye maua makubwa ya rangi ya moto, ni mwenyeji wa Afrika. Hakuna mtoto asiyejua kwamba vikonyo vyake visivyofunguka vimejaa maji, na kwamba ukikiminya kimoja humrushia mwenzako usoni. Mbambangoma naye ni wetu. Wakati wa kiangazi huangusha majani yake yote, ukadhani umekufa. Kisha katika ukavu huo huo huvaa maua mekundu, na ndege wale wadogo waitwao chozi huja kufyonza asali yake.

Saa ya miti

Mtu anayeishi mjini huhesabu siku kwa kalenda ya ukutani. Miti ina kalenda yake, na ni vema mtoto ajue kuisoma.

Kwetu kiangazi hushika mwezi wa Juni mpaka Agosti, na mvua huanza Septemba zikaendelea mpaka Mei. Miti mingi huchanua mwisho wa kiangazi, wala si bila sababu. Mti ulioangusha majani huonyesha maua yake wazi, hata nyuki na ndege huyaona toka mbali. Tena, ua lililochavushwa mapema huwa na wakati wa kukomaza mbegu, na mbegu ikianguka hukuta udongo umelowa.

Kahawa hufanya vingine. Vikonyo vyake hulala muda wote wa ukavu, vikingoja. Mvua ya kwanza nzito ikinyesha, huamka. Na baada ya siku kama nane au kumi, asubuhi moja shamba zima ni jeupe kama altare ya Pasaka, na harufu yake yafika barabarani. Siku chache tu, maua yamekauka. Mkulima asiyetazama hataona kitu. Lakini yule anayetazama huanza kuhesabu, maana toka ua la arabika mpaka tunda jekundu ni muda wa miezi saba, minane au tisa hivi. Kwa mkulima wa Kabare, wa Kalehe au wa Idjwi, maua hayo ni barua inayomwambia atalipa lini ada ya shule.

Safari ya Lwiro

Basi tulikwenda. Mama yule alimtoa mtoto wake pamoja na wengine, wala hakusema neno.

Lwiro ni kaskazini ya Bukavu, mwendo wa kilometa arobaini na zaidi, ukipita Kavumu, chini ya milima ya Kahuzi na Biega. Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji ilianzisha shirika la utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, lililojulikana kwa herufi IRSAC, na Lwiro pakafanywa makao yake makuu. Wakajenga majumba makubwa, maktaba, na bustani kuyazunguka. Baadaye kazi ilishikwa na Wakongo wenyewe, na mahali hapo pakaitwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Viumbe. Wataalamu wamechunguza huko matetemeko ya ardhi, samaki, mimea na wanyama. Tangu mwaka 2002 kuna pia makimbilio ya sokwe na nyani walioporwa msituni.

Watoto walishuka garini wakakimbia kwenye majani mabichi yaliyokatwa, kana kwamba hawajapata kuona nafasi. Na kweli, wengi wao hawakuwa wameiona. Mtoto wa Kadutu huzaliwa katika nyumba iliyobanana na nyingine, na anga yake ni kipande kilicho kati ya mabati mawili. Niliwaacha wakimbie. Kisha nikawapanga mistari, nikafungua daftari langu, nikaanza kufundisha.

Nilifika kwenye bugenvilia, nikasema: "Tazameni maua haya, jinsi yalivyo makubwa na mekundu." Mzee mmoja aliyekuwa akifyeka majani karibu nasi alisimama akasikiliza. Akanijia taratibu, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, samahani. Ua lenyewe hamjaliangalia." Akachuma tawi moja, akafunua yale niliyoyaita maua. Kumbe yale mekundu ni majani tu yaliyogeuka rangi! Ndani yake, katikati, kulikuwa na vikombe vidogo vyeupe, vyembamba kama kijiti cha kiberiti. Hivyo ndivyo maua.

Nilikuwa nimefundisha kosa hilo miaka sita. Niliona haya mbele ya wanafunzi, nikamshukuru yule mzee. Lakini jambo lililonishangaza ni hili: tangu dakika ile hakuna mtoto aliyecheza tena. Wote waliinama, kila mmoja akitafuta ua la kweli ndani ya ua la uongo. Walipoona kwamba hata mwalimu anaweza kutazama kitu miaka sita bila kukiona, walianza kutazama wao wenyewe. Mvulana mmoja akaniuliza kwa nini nyuki wanaingia katika ua hili wakapita lile. Msichana mmoja, ndiye mtoto wa mama wa sambaza, akauliza kwa nini chini ya miti ile kubwa maji ya mvua ya jana hayakuchimba mfereji, ilhali nyuma ya nyumba yao kila mvua huchimba. Swali hili la pili tutalirudia.

Bruda na bustani yake

Jioni, garini, niliwasimulia watoto habari ya Bruda Justin Gillet. Alikuwa Mjesuiti wa Ubelgiji, naye alifika Kongo mwaka 1893. Hakuwa mhubiri mwenye sifa. Kazi yake ilikuwa mikononi. Mwaka 1900 alianzisha bustani ya mimea huko Kisantu, kando ya mto Inkisi, katika nchi ya Wakongo wa magharibi. Aliandikia watu wa nchi mbalimbali apate mbegu; akazipanda, akangoja, akaandika ipi imestawi na ipi imekufa. Miti ya matunda aliijaribu, kisha akaigawa. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1943, na bustani yake ipo hata leo, yenye eneo la hekta 225 hivi. Wataalamu waliupa mti mmoja jina la Gilletiodendron kisantuense, hata bruda na misioni yake wakakaa pamoja katika jina moja.

Hakuwa peke yake. Katika mwaka ule ule wa 1900 ilianzishwa bustani ya Eala, karibu na Mbandaka. Waingereza walikuwa wameanzisha ya Entebbe, kando ya ziwa kubwa la Uganda, mwaka 1898. Wajerumani walianzisha ya Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Tukiri ukweli: wakoloni hawakuzianzisha kwanza ili watu wafurahi. Walitaka kujua mpira, kahawa na kwinini vitaota wapi na kuleta fedha kiasi gani. Lakini miti haijui nia ya aliyeipanda. Leo familia za Entebbe huenda Jumapili kukaa kivulini pale, na watoto wa shule wa Kisantu hujifunza chini ya miti ya bruda.

Na milima ile ile ya Usambara ina hadithi nyingine. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona huko ua dogo la rangi ya urujuani, limejificha katika miamba yenye kivuli. Akalipeleka kwao. Leo ua hilo, lililopewa jina lake, Saintpaulia, limekaa katika madirisha ya nyumba nyingi mno za Ulaya na Amerika. Wenyeji walikuwa wakipita hapo kila siku. Kumbe kitu kinaweza kuwa mlangoni pako, na mgeni akawa wa kwanza kukuambia kwamba ni kizuri.

Hesabu ya mama

Sasa turudi kwa swali. Je, maua yanaliwa?

Jibu la kwanza ni kwamba ndiyo, yanaliwa, ila si kwa kijiko. Hakuna haragwe lisilotangulia kuwa ua, wala embe, wala maboga, wala marakuja. Asali yote ni maua. Dawa nayo hutoka katika miti: kwinini ni gamba la sinkona, mti wa milima ya Amerika ya Kusini uliopandwa pia katika vilima vya Kivu, hata Bukavu pakajengwa kiwanda cha kuitengeneza. Pareto, inayolimwa juu katika milima ya Kivu ya Kaskazini, ni ua linalokaushwa na kusagwa ili kuua wadudu.

Jibu hili ni la kweli, lakini halitoshi. Tukisema kwamba ua ni zuri kwa sababu tu linaleta maharagwe, basi jakaranda ingefaa kukatwa kesho iwe makaa. Na ndivyo inavyofanyika. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walipotoka Rwanda wakapiga kambi kuuzunguka mji huu, miti ya vilima vingi iliishia jikoni. Hatuwalaumu, mtoto mwenye njaa hawezi kungoja. Baadaye vijiji vingi vilikimbilia mjini kwa ajili ya vita, na nyumba zikapanda miteremko ambayo zamani haikuwa na nyumba. Kila mmoja alikata mti mmoja tu. Hivyo ndivyo mji wa kijani ulivyopungua ukijani.

Jibu la pili, basi, ndilo lile lililotolewa na msichana wa sambaza bila kujua. Mtoto aliyefundishwa kutazama ua huanza kutazama na vingine. Aliona kwamba penye mizizi na majani maji hupita polepole, na kwamba penye udongo mtupu maji huwa jembe. Hakuna kitabu kilichomwambia; macho yake ndiyo yaliyomwambia. Mwenye macho hayo ataona pia ufa mpya ukutani kabla nyumba haijaanguka, na doa la kutu katika jani la kahawa kabla shamba halijaugua lote. Kutazama ni kazi inayojifunzwa, na ua ni mwalimu wake mpole, kwa kuwa mtoto humfuata bila kulazimishwa.

Nisidanganye mtu hapa. Kuna maporomoko ambayo mti hauwezi kuyazuia. Mtaa wa Funu umejengwa juu ya ardhi inayoteremka polepole kwa kina kikubwa; wanasayansi wameipima, na mizizi haifiki huko. Lakini udongo wa juu, ule unaobebwa na kila mvua mpaka ziwani, na makorongo madogo yanayokua nyuma ya nyumba zetu, hayo mizizi huyashika.

Jibu la tatu nalisema kwa sauti ya chini. Watoto wetu wamekulia katika hesabu nyingine ya miaka. Waulize wazazi wao: 1996, vita, 1998, vita, 2004, mji ukatekwa, Februari 2008, tetemeko, Februari 2025, M23 wakaingia mjini. Ukimwuliza mtu wa Bukavu jambo fulani lilitokea lini, hukujibu kwa vita: kabla ya hii, baada ya ile. Si haki mtoto awe na kalenda hiyo peke yake. Septemba ya kila mmoja wa miaka hiyo ilileta maua yake, nayo ni habari ya kweli ya Bukavu kama zile nyingine. Bwana wetu, aliyejua njaa ya watu na akawalisha, aliwaambia vilevile wayaangalie maua ya kondeni. Hakuona kwamba jambo moja linazuia la pili.

Jambo dogo kwa kila nyumba

Wasomaji wengine watasema: Lwiro ni mbali, Kisantu ni mbali zaidi, na njia si salama siku zote. Ni kweli. Basi anzeni na mti ulio karibu. Chagueni mmoja: wa uwanja wa parokia, wa shule, au wa njia ya kwenda sokoni. Mtoto aandike katika daftari siku ulipoangusha majani, siku ua la kwanza lilipofunguka, ni wadudu na ndege gani waliokuja, na siku mbegu ilipoanguka. Afanye hivyo mwaka mzima. Mkiwa na bibi au babu nyumbani, mwulizeni jina la mti huo katika lugha yenu, maana majina hufa haraka kuliko miti. Wala mtoto asivunje matawi ili kupamba: ua moja latosha kuonyesha, mengine yaachiwe nyuki.

Na mwenye mteremko nyuma ya nyumba apande kitu chenye kushika udongo. Miti mikubwa isipandwe karibu na ukuta, maana upepo wa mvua huiangusha. Kaliandra ni njema: ni kichaka kilichotoka Amerika ya Kati, kinavumilia kukatwa, kinapandwa mstari mmoja kukingama mteremko, na maua yake mekundu ni kama nyuzi za hariri.

Kaliandra hii ndiyo niliyomtajia yule mama. Majuma machache baada ya safari alinijia shuleni, beseni kichwani. Mtoto wake alikuwa amemsumbua kila jioni juu ya ule mfereji wa maji. "Mwalimu," akasema, "nipe jina la mti wa kupanda." Nikampatia na miche kumi na miwili.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikielekea mwisho, niliwaita tena wazazi kwa habari ya safari. Baba mmoja mgeni akauliza swali lile lile, tena kwa ukali. Kabla sijafungua kinywa, mama wa sambaza alikuwa amekwisha simama.

"Baba," akamwambia, "kwangu mbuzi wawili wanakula majani, nyuki wanakula maua, na mvua haijala nyumba yangu. Lipa nauli ya mtoto."